Njiwa Wawili wa Mkuyu Mmoja

Sogeeni, mkae vizuri, na mwenye shughuli yake akaifanye sasa hivi, maana nikianza sipendi kukatizwa. Hadithi hii haina mwisho. Nimeisimulia kwenye harusi ikazua ugomvi wa mashemeji, nimeisimulia kwenye matanga watu wakaacha kulia wakaanza kubishana. Mimi mwenyewe imenichosha, basi leo nawatwika ninyi.

Hapo zamani, katika mlima wa Kivungo, waliishi njiwa wa aina mbili, na kila mmoja alijaliwa kipawa chake.

Wa kwanza alikuwa mkubwa, mnene wa kifua, mwenye rangi ya zambarau iliyokolea na madoa meupe yaliyotapakaa mwilini. Mdomo wake ulikuwa wa njano, miguu ya njano, na ngozi iliyozunguka macho ilikuwa ya njano vilevile. Tumwite Jicho-Njano. Kipawa chake kilikuwa mbawa. Asubuhi alikula matunda katika mlima wa ng'ambo, akaivuka tambarare yote yenye jua na vumbi, na kabla chakula cha mchana hakijaiva majikoni alikuwa ametua Kivungo na wenzake kundi zima. Matunda yakiisha aliondoka tena, wala hakuaga.

Wa pili alikuwa mdogo kidogo, mweusi wa kijivu, na akikaa kivulini humwoni mpaka ageuke, ndipo shingo yake inapong'aa kijani na shaba. Dume lake lilikuwa na ukosi mweupe, kwa hiyo tumwite Ukosi. Kipawa chake kilikuwa kukaa. Hakuthubutu kupita mahali peupe hata siku moja. Alikwenda mti hadi mti, kivuli hadi kivuli, na alipofika hakuondoka, iwe mvua, iwe kiangazi, iwe njaa.

Wote wawili walikula matunda, wakayameza mazimamazima, na wote wawili walipenda mkuyu mmoja mkubwa uliokuwa kando ya ndiva. Ndiva ni bwawa ambalo watu wa Kivungo walilijenga kwa mawe na udongo, likajaa maji ya chemchemi usiku, na mchana maji hayo yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Bila ndiva hakuna mahindi, hakuna maharage, hakuna Kivungo. Hilo mlishike.

Sasa sikilizeni kosa la watu hawa, maana ndilo lililotufikisha hapa. Kwa kuwa kila siku waliwaona njiwa wale katika mkuyu uleule, na kwa kuwa hakuna aliyepanda juu kutazama, waliamini kwamba ni ndege wa aina moja, nyumba moja. Jicho-Njano ndiye mume, Ukosi ndiye mke. Ule ukosi mweupe wakasema ni kitambaa cha bibi harusi. Jike la Ukosi, ambalo lina kichwa cha rangi ya kutu, wakasema huyo ni binti yao aliyekataa kuolewa. Wakapenda hadithi yao hiyo hadi wakaiingiza kwenye harusi zao: bwana harusi alipakwa udongo wa njano kuzunguka macho, na bibi harusi akafungwa kitambaa cheupe shingoni.

Msicheke. Na ninyi mna yenu.

Ikawa katika enzi ya bibi zao moto ukala mlima kutoka kilele hadi kwenye mawe ya chemchemi. Miti ikaisha, ila mkuyu ule na vichaka vichache kwenye nyufa za mawe ubavuni, na mipodo, ile miti mirefu ya mbao, haikubaki hata mmoja. Udongo ukateremka na mvua, chemchemi ikafa, ndiva ikawa shimo la kuchezea watoto. Watu walikunywa maji ya kuchota tambarare, wakayabeba mgongoni kupanda mlima, na wengi walihama. Kisha, polepole, bila mtu kupanda mche, mipodo ikaonekana kwenye kilele. Baadaye ikaonekana ubavuni. Baadaye zaidi ikashuka korongoni, ikaifunika chemchemi kwa kivuli, na asubuhi moja maji yakatoka.

Watu wakaelewa ni kazi ya nani, maana mbegu zilionekana chini ya matawi waliyolalia njiwa. Wakasema, "Mume husafiri akaleta, mke hukaa nyumbani akagawa." Pembe ya msaragambo ikapigwa, ile inayowaita watu wote kwenye kazi ya pamoja, na siku hiyo kazi ilikuwa kula kiapo. Wakafunga undugu na nyumba ile ya njiwa. Tangu hapo njiwa hakuliwa Kivungo, hakutegwa, hakurushiwa jiwe. Atakayekula nyama ya ndugu, maji yatarudi yalikotoka.

Lakini mababu walikuwa wameweka mpaka mmoja: kizazi kimoja, undugu mmoja. Waliwahi kuuona mlima wa jirani ukifunga undugu na kila kiumbe kilichosaidia, mpaka watu wake wakabakiwa na maboga tu ya kula. Kwa hiyo Kivungo walifunga na nyumba moja tu, na wakaridhika.

Hapo ndipo anapoingia Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mwanamke wa kufanya kazi haraka na kukasirika haraka. Hakupenda mikutano, hakupenda kuzungushwa, na mtu akimwambia "tutaona" alijisikia kuumwa kichwa. Mume wake alikuwa tambarare na mbuzi, kwa sababu tangu kiapo mbuzi hawakuruhusiwa mlimani wasije wakala miche. Nyumbani alikuwa na mdogo wake, Nietiwe, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume baada ya uchungu uliowatisha hata wakunga.

Mtoto alitoka mzima. Mama yake hakuinuka.

Damu nyingi ilikuwa imekwenda, na tumbo lake lilikataa kila kitu. Uji ulirudi. Maharage yaliyopondwa yalirudi. Asali aliyoletewa ilikaa kidogo, nayo ikarudi. Mkunga akamwambia Nakijwa waziwazi, "Huyu anataka mchuzi wa nyama ya ndege, mwepesi, wa siku baada ya siku. Asipoupata, maziwa yatakauka, na baada ya maziwa atakauka mwenyewe."

Najua kuna mtu pale nyuma anataka kusema kuku. Kaa chini. Kideri kilikuwa kimepita mwezi huo, kikafagia kuku wote, wa mlimani na wa tambarare, hata jogoo wa mkunga. Kanga na kwale walihama na moto na hawakurudi. Mchuzi wa mbuzi ulijaribiwa. Mume wa Nakijwa alipandisha nyama, nao ukarudi palepale, kwa uzito wake. Ndege waliobaki Kivungo wenye nyama ya kutosha kikombe cha mchuzi walikuwa njiwa.

Nakijwa akaenda kwa Kisaka, msimamizi wa ndiva, ambaye pia alikuwa mtunza kiapo. Kisaka alikuwa mtu wa heshima, mwenye kikohozi kirefu cha kutafutia maneno.

"Mjomba, nakuomba njiwa mmoja," alisema Nakijwa. "Mdogo wangu anakwisha."

Kisaka alikohoa. "Mwanangu, pole sana. Pole sana kwa kweli. Lakini hilo unaloomba si langu kulitoa."

"Ni la nani?"

"La kiapo."

"Basi niitie kiapo niongee nacho."

"Nakijwa, usinikosee adabu. Nenda nyumbani, tutaona."

Akaondoka amefura. Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkuyu, na ninyi mnaodhani alikwenda kuomba dua, mmekosea. Alikwenda kuwatukana njiwa. Alisimama chini ya mti akawaambia kwamba wao ni ndugu wa aina gani, wanaoshiba tini juu huku dada yao analala bila nguvu ya kumgeuza mtoto. Njiwa waliendelea kula tini. Alipochoka kutukana, akapanda, ili angalau awatukane kwa karibu.

Huko juu ndiko alikoona kitu ambacho hakuna mtu wa Kivungo aliyewahi kukiona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutafuta. Kwenye tawi moja palikuwa na kiota cha vijiti, na ndani yake amelala Jicho-Njano. Akaja Jicho-Njano mwingine, mdomo wa njano, macho ya njano, wakapokezana yai. Mume na mke, wote wa rangi moja. Ng'ambo ya shina, ndani ya giza la majani, Ukosi alikuwa akiinamisha kichwa na kukipandisha mbele ya yule "binti aliyekataa kuolewa," akimbembeleza kwa sauti nzito ya chini, na haukupita muda akampanda, na jinsi alivyompanda haikuwa ya mama na binti.

Nakijwa alikaa kwenye tawi akicheka peke yake kwa hasira. Kumbe si nyumba moja. Ni nyumba mbili, kila moja na mume wake na mke wake, hawahusiani ila kwa kula mti mmoja. Na kiapo ni cha nyumba moja.

Alishuka mbio, akachubuka goti, akampata Kisaka bado yuko kwenye kikohozi kilekile.

"Mjomba, piga pembe," alisema. "Ndugu yetu ni mmoja tu, na yule mwingine ni nyama."

Watu wakakutana kwenye ukuta wa ndiva. Nakijwa aliwaeleza alichokiona, na wenye kutilia shaka wakapanda wenyewe, wakashuka wamekubali. Minong'ono ikaenea. Wanaume waliopakwa udongo wa njano siku ya harusi zao wakatazamana. Mwanamke mmoja akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii tumeoana kwa mfano wa majirani?" Mumewe akamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza hakunyamaza.

Wengine walikuwa wakiwaza jambo jingine, na lilionekana usoni mwao. Walikuwa hawajaonja nyama ya njiwa tangu kiapo. Ikiwa njiwa mmoja si ndugu, basi si suala la kikombe kimoja cha mchuzi kwa mzazi. Atategwa na kila nyumba, kila siku, mpaka asionekane tena. Hilo Nakijwa alilielewa alipoona namna walivyokuwa wakitazama mkuyu, na likamkera zaidi ya kikohozi cha Kisaka.

"Sawa," alisema Kisaka. "Ndugu ni mmoja. Ni yupi?"

Hapo mambo yakaharibika.

Senzia, mpasua mbao, alisimama kwanza. Nakijwa alimwita baba mdogo, na alikuwa mtu mwenye sauti iliyozoea kushindana na kelele za msumeno.

"Ndugu ni Jicho-Njano," alisema. "Tumieni akili. Baada ya moto, Kivungo palikuwa na mpodo? Hapakuwa. Mbegu ya mpodo ilikuwa wapi? Ng'ambo. Nani alivuka tambarare? Yeye. Alikula kule, akavuka jua lile, mwewe wakamrukia njiani, na akatua kwenye kilele kilichoungua ambacho hakikuwa na hata jani la kujifichia. Hapo akadondosha mbegu. Mlima ulikuwa maiti, akaufuata hivyohivyo. Nani mwingine angekuja? Huyo mweusi wenu? Huyo akiona uwazi wa hatua mbili anarudi nyuma. Bila Jicho-Njano, Ukosi angebeba nini? Angebeba majivu."

Watu wakaitikia. Nakijwa naye aliitikia, kwa sababu maneno yalikuwa ya kweli, na kwa sababu sasa lingekwisha. Alikwisha kuinuka akatafute kamba.

Ndipo Mama Kateri, mrina asali, ambaye Nakijwa alimwita shangazi, akanyanyua mkono bila kusimama.

"Ndugu ni Ukosi," alisema. "Tumieni macho. Mipodo ya kilele inatupa nini? Upepo. Chemchemi iko wapi? Korongoni. Jicho-Njano alitua kileleni, kwa sababu yeye ni wa kutua juu na kuondoka, na mbegu zake zilibaki juu. Zingebaki huko mpaka leo. Nani alizishusha? Yeye asiyependa uwazi. Mti ulipotoa kivuli, alisogea kwenye kivuli hicho, akala, akadondosha hatua mbele. Ukaota mwingine, akasogea tena. Ameushusha msitu mti kwa mti mpaka kwenye jicho la maji. Na katika mwaka wa ukame, ambapo huyo msafiri wenu alikuwa ng'ambo ananenepa, nani alibaki hapa akila matunda makavu? Bila Ukosi, Jicho-Njano angetuachia kofia ya miti kwenye mlima wenye kiu."

Watu wakaitikia vilevile, walewale, kwa sauti ileile. Nakijwa akakaa chini.

"Lakini alikuwa akirudi," alisema Senzia. "Kila aliporudi alileta mbegu mpya."

"Na aliporudi alikuta nani amemwekea miti ya kulala?" alisema Mama Kateri.

"Miti ya mbegu zake."

"Aliyoilea mwingine."

"Kuzaa kwanza, kulea baadaye."

"Muulize Nietiwe kama kuzaa kunatosha."

Hapo Nakijwa akapiga kiganja kwenye ukuta wa ndiva. "Nietiwe msimtaje katika ubishi wenu. Nietiwe amelala. Mkisema yupi, nakwenda kupika. Mkiendelea hivi, nitarudi hapa kuwaomba mnisaidie kuchimba."

Kisaka akakohoa, na Nakijwa alijua kabla hajasema kwamba atasema jambo la kukimbia mzigo.

"Mimi naona," alisema Kisaka, "aliyeigawa nyumba moja kuwa mbili, huyo ndiye anayejua zaidi. Nakijwa ndiye aliyeona. Nakijwa aamue. Atakayemwacha huru ndiye ndugu yetu, na sisi sote tutamheshimu. Atakayempika ndiye nyama."

"Mjomba, mimi niliomba mchuzi, sikuomba ukadhi."

"Vimekuja pamoja, mwanangu."

Na mkutano mzima, uliokuwa na maneno mengi muda mfupi tu uliopita, ukaridhika haraka sana. Kila mtu alifurahi kwamba mikono yake ni safi. Nakijwa aliwatazama wakikung'uta nguo zao na kuondoka, akatamani kuwasukuma mmoja mmoja ndani ya ndiva.

Alijaribu njia za mkato, msidhani hakujaribu. Alimwambia Kisaka wapige kura kwa kokoto, Kisaka akasema undugu hauokotwi chini. Alimwambia basi ufungwe undugu na wote wawili, akakumbushwa mpaka wa mababu, na kwamba wote wakiwa ndugu, Nietiwe atakunywa nini? Alipanda hadi kilele peke yake, akashuka hadi korongoni peke yake, akitafuta mpodo mmoja tu wa karibu na chemchemi ambao ungeweza kusemwa ni wa njiwa fulani. Kila mpodo wa korongoni mama yake alikuwa kileleni, na kila mpodo wa kilele mwanawe alikuwa korongoni. Alirudi na matope hadi magotini.

Kuna wakati alijidanganya kidogo. Jicho-Njano ni mnene, alijiambia, mmoja wake anatoa mchuzi wa siku mbili. Hiyo ni sababu. Kisha akaona aibu, maana kuwa mnene si kosa la kufa. Halafu akajiambia Ukosi ni mwoga, na mwoga ni rahisi kumpata. Akaona aibu tena, maana woga huohuo ndio ulioshusha msitu.

Akaingia kwa Nietiwe. Mdogo wake alikuwa amelala ubavu, mtoto ameshika ziwa ambalo halikuwa na kitu, analiacha, analishika tena.

"Nimesikia wamekupa kazi," alisema Nietiwe.

"Wamenitupia."

"Utamchukua yupi?"

"Nitakuletea mchuzi, wewe kunywa. Usiulize."

Nietiwe alikusanya pumzi kwanza. "Dada, unajua mzazi huambiwa jina la nyama kabla ya kunywa. Mama alituambia, maziwa huenda kwa mtoto na jina lake. Sitakunywa kitu kisicho na jina. Na siku nilipoolewa mume wangu alikuwa na njano machoni na mimi nilikuwa na kitambaa shingoni. Uniambie ni yupi, na uniambie kwa nini. Ukinidanganya nitajua, wewe hujui kudanganya tangu utoto."

"Mtoto ana njaa, Nietiwe."

"Namwona. Ndiyo maana nataka uharakishe."

Nakijwa alitoka akiwa na hasira hata na mdogo wake, kisha akaona vibaya kuwa na hasira na mtu asiyeweza kukaa, na hasira ile ikakosa pa kwenda. Akachukua kisu, akachanja mkuyu, akachemsha utomvu wake na mafuta mpaka ukawa ulimbo mzito wa kunasa ndege, kama alivyomwona baba yake akifanya kabla ya kiapo. Aliupaka kwenye tawi moja lenye tini zilizoiva. Alijiambia hivi: atakayenasa wa kwanza, mlima wenyewe utakuwa umeamua, na nitampelekea Nietiwe jina hilo na sababu hiyo.

Akasimama chini akingoja. Watu wakakusanyika kwa mbali, kila mmoja akijifanya amekuja kwa jambo lake. Senzia alikuja na msumeno ambao hakuwa na mti wa kukatia. Mama Kateri alikuja na kibuyu kitupu.

Kundi la Jicho-Njano likashuka kutoka angani, wanatoka ng'ambo, makoo yamejaa mbegu. Wakati uleule Ukosi akatoka kwenye majani ya ndani, akajongea tini zile kwa kivuli, hatua kwa hatua. Nakijwa alikaza macho aone yupi atakanyaga kwanza. Jicho-Njano mmoja aliyetangulia kundi na Ukosi wakakanyaga pamoja, mmoja upande huu wa tini, mwingine upande ule. Mbawa zikapiga mara moja, mbili, na wote wawili wakawa wamenasa tawi moja, wanatazamana.

Nakijwa aliwatazama njiwa wale. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata ninyi mnanitupia mimi."

Akapanda. Akawabandua kwa uangalifu, akashuka nao, Jicho-Njano mkono wa kulia, Ukosi mkono wa kushoto. Mkunga alikuwa ameweka chini kikombe cha mafuta. Njiwa akioshwa miguu kwa mafuta ulimbo huachia, naye huruka. Asipooshwa, anabaki, na chungu kiko jikoni, maji yanachemka. Mioyo ya njiwa wote wawili ilikuwa ikipiga haraka ndani ya viganja vyake, na hakuweza kusikia tofauti. Koo la Jicho-Njano lilikuwa gumu kwa mbegu za mpodo alizovuka nazo. Ukosi alikuwa ameficha macho chini ya kidole gumba cha Nakijwa, ndicho kivuli pekee kilichokuwapo.

"Haya, mwanangu," alisema Kisaka kutoka mbali.

"Mjomba, nyamaza," alisema Nakijwa, na Kisaka akanyamaza, na hakukohoa.

Mtoto akalia ndani ya nyumba ya Nakijwa, iliyokuwa hatua chache kutoka mkuyu, kilio kifupi, cha mtoto anayeanza kuchoka kulia. Kisha sauti ya Nietiwe ikapenya mlangoni, nyembamba, lakini kila aliyekuwa pale aliisikia. "Dada. Niambie jina."

Hapo ndipo ninapoachia, na msinitolee macho. Mimi nimeshaichemsha hadithi hii kichwani kwangu hadi imeniunguza. Kuna siku naamka ni wa Senzia, nikinywa chai nimekuwa wa Mama Kateri, jioni nataka kuwatupa wote wawili chunguni na Kisaka juu yao. Mmoja alileta ambacho hakikuwapo. Mwingine alikifikisha kilipohitajika. Na atakayechukuliwa leo hafi peke yake, maana mitego imeshasukwa katika kila nyumba, inangoja jina tu.

Basi ninyi mlioshiba, mlio na kuku, hebu shikeni hao njiwa, mmoja kila mkono, na msikie kilio cha mtoto yule. Ni miguu ya nani mtakayoiosha kwa mafuta? Na mkishaingia ndani, Nietiwe akawatazama usoni akauliza ni yupi na kwa nini, mtamjibu nini?